Waliofuta Sauti ya Baba

Waliofuta sauti ya baba yangu ni wawili: mtafsiri wa kibanda cha video kule Kalerwe, na mimi. Wale askari wa kizuizi cha barabarani waliomshusha kwenye lori wakaniacha mimi, hao walichukua mwili. Sauti ilikuwa imebaki kwenye kaseti.

Baba alikuwa dereva wa jeshi, kambini Makindye. Afisa mmoja alikuwa na video, na filamu moja ya zamani isiyo na rangi, ya kuchekesha, katika msururu mrefu wa filamu za familia ileile: baba, mama, watoto tisa na shemeji asiyeondoka. Katika hii wanahama nyumba. Kila mtu ana mzigo, baba mtu kabeba kiti, na kila hatua kumi anakiweka chini, anakaa. Baba yangu alisimama kando ya televisheni akatutafsiria kwa Kiswahili, maana kambini tulikuwa makabila yote. Yule mama alimpa sauti ya mwanamke wa sokoni: "Wewe mwanaume, siku ya kufa utazikwa umekaa!" Tulicheka mpaka machozi. Mwishowe afisa akamwekea maikrofoni, akamrekodia filamu ile, na sauti yake juu yake, kwenye kaseti yake mwenyewe. Baba akavunja kale kameno ka plastiki ubavuni mwa kaseti, mbele yangu. "Sasa hakuna mtu atarekodi juu yangu," alisema.

Kwa hiyo nilijua. Sikusoma sana, lakini hilo nilijua.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, yule mtafsiri, aliyekuwa akisemea filamu kwa Kiganda kibandani kwake, aliitaka ile kaseti ya baba, akaniambia, "Mdogo wangu, ziba hako katundu na karatasi ya gundi, mashine yangu inakataa kurekodi. Utaingia bure mpaka uchoke." Niliziba kwa mkono wangu. Niliingia bure, nikatazama za karate, za rangi. Siku aliyoonyesha ile ya baba sikwenda. Niliiona ya kitoto. Akanirudishia kaseti, nikaitia sandukuni, miaka ikapita.

Mwaka huu nilimpelekea fundi wa Nakawa aihamishie kwenye flashi. Nikawaita mke wangu na watoto: njooni mumsikie babu yenu. Familia ile ikatokea na mizigo yao. Kiti kikawekwa chini. Yule mama akafungua mdomo, kikatoka Kiganda, sauti ya mtafsiri. Watoto wangu wakacheka. Niliwafukuza sebuleni.

Yule mtafsiri nilimkuta palepale Kalerwe. Siku hizi anauza nyanya, kichwa mvi tupu. Nilimweleza, naye akaniita bwana kwa Kiganda.

"Kumbe yule alikuwa baba yako, ssebo? Mbona hukusema?"

"Wewe uliuliza?"

"Mimi Kizungu sikujua. Nilisikiliza Kiswahili chake mara nne, ndiyo nikapata maneno. Kibanda kizima kilicheka, mazima, kweli! Mzee alikuwa moto."

Basi nikamuuliza nililolifuata. Katika filamu, pale wanapovuka mto, mtoto wa mwisho anageuka na kumwambia baba yake kitu. Baba yangu alisema nini hapo? Mimi nimesahau.

Alifikiri, nyanya mkononi. "Nilichosema mimi nakumbuka. Chake..." Akatikisa kichwa. "Chake kilienda, ssebo."

Nilitaka kumtukana mbele ya wateja wake. Badala yake nilinunua nyanya za nyumbani. Akaniongezea mbili juu, nikazipokea, nikasema asante.