Asubuhi Fundi wa Lifti Alipopitiwa na Usingizi

Tangu utotoni, fundi wa lifti alikuwa na usingizi wa pono. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alimwamsha kwa kumvuta miguu mpaka aanguke chini, huku akimtania kwamba hata siku ya kiama atasahaulika kitandani.

Kazi ilimzungusha miji mingi, akilala nyumba za wageni. Mlio wa simu haukumshtua, kwa hiyo alitegemea kompyuta mpakato aliyopewa kazini ya kupimia mitambo. Aliiweka kitini karibu na kichwa, sauti juu kabisa. Ikianza kupiga king'ora, majirani waliamka kabla yake, tena kwa matusi.

Alikuwa safarini kikazi dada alipolazwa. Simu yake ilikuwa imedumbukia kwenye shimo la lifti, ikapasuka, hivyo habari zilimfikia kupitia msimamizi wake. Aliacha kazi nusu, akapanda basi, akafika hospitali muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Shemeji yake, mume wa dada, alimpokea getini.

"Kesho asubuhi wanampasua," shemeji alisema. "Wameturuhusu tumwone kwanza. Amekuulizia mpaka manesi wanakujua jina. Nije nikugongee?"

"Usihangaike, shemeji. Nina mashine yangu, haijawahi kuniangusha."

Alipanga chumba ng'ambo ya barabara. Kuta zilikuwa nyembamba, na mtoto wa chumba cha pili alikuwa na homa. Alitega kompyuta imwamshe alfajiri, na ili muziki usimsumbue mtoto, alichomeka hedifoni humo, akazivaa, akafungulia muziki wa taratibu kutuliza moyo. Usingizi ukamchukua hivyo hivyo.

Aliamshwa na ndoo ya mfagizi ikikwaruza sakafu ya korido. Jua lilikuwa limejaa kwenye pazia. Kwenye kioo cha kompyuta maandishi ya kumwamsha yalikuwa yakiwaka na kuzima, na hedifoni, zilizomtoka masikioni, zikilia chini ya kitanda kwa sauti ya mbu.

Alikimbia na shati mkononi. Shemeji alikuwa kwenye benchi, ameinama.

"Ameshaingia."

"Alisema nini?"

"Alikuulizia. Nikamwambia uko njiani. Akamwomba nesi asubiri kidogo. Nesi akasubiri, maskini. Mara mbili. Kisha wakaja na kitanda."

Fundi alivaa shati, akakaa kando yake. Watu walipita na chupa za chai, wakasalimia, wakapita. Mchana daktari alitoka, akavua kofia, akamshika shemeji begani. Dada hakuzinduka.



Msibani ndugu walimzunguka. "Pole, mwanetu. Afadhali ulimuwahi," shangazi alisema. "Aliniambia ana neno la kukwambia, hataki kulisema kwenye simu. Alikwambia?"

Kabla hajafungua mdomo, shemeji alidakia: "Basi lilimharibikia njiani, shangazi. Si kosa lake."

Shangazi alimvuta kifuani, akamlilia. Naye fundi akakubali kuliliwa hivyo. Jioni alimfuata shemeji uani, akitaka amruhusu aseme ukweli wote mbele za watu.

"Niache niseme, shemeji."

"Useme ili iweje?" shemeji aliuliza, bila hasira. Alikuwa akikunja mkeka. "Shika upande ule."

Fundi akashika.