Mugongo Haina Mutoto

Marlène alikuwa mwanamuke wa mugongo. Siku ya soko pale Mpondwe, ungemuona anavuka daraja kutoka Congo na mitungi ya mawese mugongoni, kamba imepita kwa paji la uso, shingo imekaza kama ya ng'ombe. Afande wa mupaka akimufokea, "Wewe mama, kaa upande!" yeye anamujibu palepale, "Njo unibebee basi, afande!" Watu wanacheka, afande naye anacheka, Marlène anapita. Akifika kwa chumba yake Bwera, upande ya Uganda, anatua mafuta, hata maji hajakunywa, anainama, anamurusha mutoto wake Ruben mugongoni, anafunga kitenge. Mugongo ikimaliza kazi ya soko, inaanza ya mutoto.

Watu wote wanasema ni mawese ilimuvunja. Uongo. Mafuta ilikuwa imeshatuliwa. Aliinama kumupandisha Ruben, kitu ikamupiga kiunoni kama umeme, ikashuka kwa mguu mpaka kidole. Akaanguka magoti, amemushika mutoto na mukono moja tu. Hakumuangusha. Hiyo ndiyo alikuwa anawaambia watu, hata wasipouliza: "Sikumuangusha."

Benoît, bwana yake, akauza pikipiki, akamupeleka kwa hospitali kubwa huko mbali. Dokta akamueleza polepole. Kati ya mifupa ya mugongo kuna vitu laini kama mupira, na moja ya kwake imetoka inje, inakanyaga musipa ya mguu. Wakamupasua. Alipoamka hakuuliza mguu, hakuuliza kidonda.

"Dokta, mutoto nitamubeba lini?"

"Kutembea utatembea, mama, na utapika ukisimama. Kuinama na kubeba, bado. Itachukua muda murefu."

"Murefu kama nini?"

Dokta akaangalia dirisha.

Wakati ile yote, Ruben alibaki Bwera kwa jirani, Sumayah, bibi ya Swaib, dereva wa lori ya Fuso. Sumayah anakaanga chapati mbele ya nyumba. Alimufunga Ruben mugongoni, akaendelea na kazi yake, anakanda unga, anasukuma mbele, anavuta nyuma, na mutoto huko nyuma anabembelezwa bila wimbo. Ruben alizoea kulala hivyo.

Marlène akarudi na mukanda ngumu kiunoni, ananyooka kama mulango. Benoît akamuweka kwa kiti, akarudi Congo, kule Butembo, kutafuta maisha. Marlène akanyoosha mikono. Ruben alimuangalia, akaficha uso ndani ya hijabu ya Sumayah.

"Atazoea," Sumayah akasema. "Amekusahau kidogo tu."

Kidogo! Asubuhi Sumayah anamuchukua, jioni anamurudisha, na kila jioni mutoto analia, uso kwa ukuta, upande ya chumba ya Sumayah. Marlène anamushika kifuani akiwa amekaa, lakini kifua siyo ile kitu anataka. Mugongo ndiyo ilikuwa inamuita. Marlène alikumbuka pumuzi ya moto katikati ya mabega, miguu midogo inapigapiga kwa nyonga, mate inateremuka kwa shingo. Hata mukojo, ile alikuwaga anatukana ikimulowesha jioni ya soko, sasa aliitamani.

"Sumayah, dada yangu, unifungie yeye," akaomba siku moja. "Nisimame tu kwa ukuta. Siinami."

"Dokta alisema nini?"

"Dokta iko na mutoto wa kubeba?"

"Mama Ruben, ukivunjika tena, nikubebe na wewe? Mugongo yangu siyo Fuso ya Swaib."

Wakacheka wote wawili. Lakini Marlène alicheka na mudomo tu.

Halafu akaenda Kasese dokta amuangalie. Dokta akagonga mguu, akasema mguu imerudi vizuri, kuinama bado. Bado! Kurudi Bwera, ndani ya gari, akiangalia dirishani, kila mwanamuke kwa barabara alikuwa na mutoto mugongoni. Wa jembe, wa kuni, wa kwenda kanisa, hata kasichana kadogo, mutoto kweli, kamebeba mutoto mwingine. Marlène akafunga macho mpaka gari ikasimama.

Alipoingia kwa uwanja, Ruben alikuwa mugongoni ya Sumayah, amemushika sikio, anamuita: "Mama. Mama."

Basi. Damu ikapanda.

"Umemufundisha hivyo?"

"Nani? Mimi? Watoto wanaita kila mutu—"

"Mushushe! Mushushe mutoto wangu! Kama unataka wa kukuita mama, zaa wako!"

Kila mutu pale kwa uwanja alijua Sumayah amekaa na Swaib miaka mingi, na nyumba bado haina mutoto. Sumayah akafungua kitenge, akamuweka Ruben chini, akaikunja kitenge vizuri, kona kwa kona, akaiweka kwa miguu ya Marlène. Akaingia kwake.

Marlène alibaki amesimama. Maneno imeshatoka, na yeye hata kijiko ikianguka hawezi kuinama kuiokota.

Kesho yake Ruben alilia tangu jua itoke. Alikwenda kwa Sumayah, akavuta gauni. Sumayah alikuwa anakanda unga, macho kwa unga. Mikono ikasimama kidogo, ikaendelea. Marlène akaja, akamushika mukono, akamuvuta ndani. Mutoto akajitupa chini, analia mpaka sauti inakatika. Kila mama anajua dawa ya kilio ile. Unainama, unamurusha mugongoni, unafunga. Marlène aliangalia kitenge kwa kitanda, ile mutu alimuokotea jana. Akaishika. Akainama kidogo, kidogo tu, na ile umeme ikamuonya.

Akaiacha kitenge. Ilikuwa saa ya mazoezi ile nesi alimufundisha, ya kulala kifudifudi, basi akashika kitanda, akashuka kwa magoti, akalala tumbo kwa mukeka. Mazoezi hakufanya. Alilia tu, shavu chini, wao wawili wanalia, kila mutu kivyake.

Ruben ndiye akachoka wa kwanza. Akabaki na kwikwi. Halafu Marlène akasikia kamukono kwa paja. Goti kwa kiuno, pale pembeni ya kidonda. Akauma mudomo. Mutoto alipanda, akatafuta mahali, akazunguka, akaweka shavu katikati ya mabega. Kidole mudomoni. Pumuzi ikaanza kuwa ndefu.

Marlène hakutikisika hata kidogo. Uzito ile! Alikuwa ameota uzito ile mpaka akadhani atasahau kipimo yake. Mutoto alikuwa ameongezeka.

Inje, Sumayah alisikia kilio imekatika ghafula, akaogopa. Akaingia mbio, mikono yote unga.

"Yesu wenu! Mama Ruben, huyu atakuua!"

"Sss. Iko nalala."

"Na mugongo?"

"Inauma."

"Nimutoe?"

Jasho ilimutoka Marlène kwa paji. Mguu ilianza kuwasha mpaka kidole.

"Usimutoe," akasema. "Tafazali, dada. Usimutoe."

Sumayah akaangalia mulango, akaangalia mutoto. Akapiga magoti kwa mukeka, akaingiza mikono polepole chini ya tumbo ya Ruben, akamuinua kidogo tu, kifua ibaki kwa mama, uzito ya matako ije kwake.

"Hivi?"

"Kidogo tena... Hapo. Hapo."

Inje mutu akapiga kelele: "Mama chapati! Weee! Iko naungua huku!"

Sumayah hakutoa mikono chini ya mutoto.

"Sumayah," Marlène akasema na mukeka, sababu uso haiwezi kugeuka. "Ile maneno ya jana—"

"Nyamaza. Utamuamusha."