Nilikandwa Zamu ya Mzazi

Sijui kama mimi ndiye wa kuwatia wengine moyo. Ila miguu yangu imepona kweli, kwa hiyo nasema.

Naendesha bodaboda hapa Inyonga. Nilikuwa nakaa kwenye pikipiki kutwa nzima na sisikii kitu. Siku moja niliinama kubeba gunia la mahindi, nyuma ya paja pakavuta ghafla. Nikaendelea na kazi. Baadaye mapaja yote mawili yakakaza, kuchuchumaa nikashindwa. Chooni nilikuwa nang'ang'ania ukuta, machozi yananitoka.

Kipindi hicho mke wangu Kabula akajifungua. Mama yake akaja kumkanda kwa maji ya moto. Kwetu Wasukuma, mama mkwe unamsalimia kwa mbali, umechuchumaa. Mimi nilisimama wima.

"Kabula, mumeo amemeza mpini?" aliuliza.

Nikaenda hospitali Mpanda. Fizio, yaani mtaalamu wa viungo, mama mmoja mpole, alinilaza kifudifudi, akasukuma nyama za paja polepole kwa kiganja. Niliuma shuka.

"Misuli imekaza tu, haijachanika," alisema. "Nyumbani mtu akukande hivi kidogo. Lakini kazi kubwa ni kunyoosha, na hiyo unafanya mwenyewe. Taratibu, usijirusherushe."

Nilishika la kukandwa. La kunyoosha nalo nililisikia, nisiseme uongo. Kila jioni Kabula alinikanda huku mtoto analia. Mama mkwe haruhusiwi kunigusa wala kuingia chumbani kwetu. Jioni moja akasemea nje ya pazia:

"Nimekuja kumkanda mzazi. Humo ndani mzazi ni yupi?"

Kabula alicheka. Mimi nilisikia mikono yake imechoka juu ya paja langu.

Kesho yake nikalala chali, nikapitisha mpira wa baiskeli kwenye unyayo, nikavuta mguu juu taratibu, panapokaza natulia. Nikafanya hivyo kila siku. Sina hakika kipi kiliniponya zaidi. Mikono ya Kabula ilisaidia, siwezi kuikana.

Leo asubuhi mama mkwe ameondoka. Nilichuchumaa kando ya njia, visigino chini.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba," aliitikia, macho pembeni. "Kumbe mpini umetoka. Maji nimeyaacha motoni. Mzazi bado hajamaliza kukandwa."

Namshukuru Mungu, fizio na hao wawili. Nyie mnaoumwa, wahini hospitali, na kunyoosha mnyooshe wenyewe. Naishia hapa. Maji yamechemka, na Kabula ananisubiri.