Kikohozi cha Mzungu

Ulikuwa mwaka ule wa magimbi. Mchele ulituhama, unga nao ukapanda, tukala magimbi asubuhi na jioni mpaka wajukuu wangu wakiyaona tu chunguni wanasonya.

Mimi nilikuwa kiwanda cha mkonge, chumba cha brashi, pale mashine inapochana singa kavu na vumbi linajaa mpaka humwoni mwenzako. Mwaka wangu wa tisa huo. Sisi wanawake weusi tulijifunga kanga puani. Fundi Mzungu aliyeletwa kutengeneza mashine alivaa barakoa ya mpira yenye vichujio viwili, na bado miezi minne tu akaanza kukohoa.

Wee! Gari likamchukua siku hiyo hiyo. Akapigwa picha ya kifua, karatasi ikaandikwa vumbi la mkonge, akahamishiwa ofisini penye feni. Jumapili namwona anapita kwangu Bigwa, anapanda mlima kwa kujifurahisha, anapiga mluzi. Mluzi! Mimi nikifuata magimbi shambani, mlima huo huo, nakaa chini kukohoa mara tatu. Nilimwonea wivu mpaka chakula hakishuki. Sikutaka nyumba yake wala gari. Nilitaka pumzi ile, na nilitaka kikohozi changu kiheshimiwe kama chake.

"Bibi we," mwenzangu wa mashine akanicheka, "watu wanaoneana wivu vitenge, wewe kikohozi?"

"Ndiyo. Na wewe utakitaka, subiri."

Nikaenda kwa daktari wa kiwanda, kijana wetu mweusi.

"Shikamoo, bibi. Nyumbani unapikia nini?"

"Marahaba. Kuni. Ulitaka nipikie maneno?"

Hakunigusa kifua, wala picha hakunipeleka. Akaandika, akanisogezea karatasi na kidau cha wino. Nimeishia darasa la tatu, lakini maneno "moshi wa kuni" niliyasoma.

"Mama yangu alipikia kuni mpaka uzeeni," nikamwambia, "akafa bado anaimba kanisani. Na yule Mzungu, mbona hukumuuliza anapikia nini?"

Akainamisha macho. "Bibi, nikikuandikia vumbi, wakubwa wanairudisha karatasi. Weka dole tu, dawa ninayo hapa."

Chupa niliiona mezani. Niliitamani, sidanganyi.

"Siweki dole. Andika vumbi la mkonge."

"Bila dole sitoi dawa, bibi yangu. Utakufa na kiburi chako."

Kikohozi kikanishika, nikaegemea meza yake mpaka kikanipita. Nikamrudishia kidau.

"Siweki dole. Andika vumbi la mkonge."