Gari la Shangazi Halina Moshi

Shangazi yangu akiwa anahesabu, usimsemeshe. Hata nyumba ikishika moto, subiri kwanza afike mwisho. Kazi yake ni kusuka mota: za pampu, za mashine za kusaga, za feni, chochote chenye waya wa shaba ndani kilichoungua. Anautoa ule waya wa zamani uliogeuka mkaa, anakata karatasi za kuzuia umeme, halafu anazungusha waya mpya, moja, mbili, tatu, mpaka mia na kitu. Akikosea mizunguko michache tu, mota inachemka kama pasi. Kwa hiyo akiwa kazini anainua kidole kimoja, maana yake funga mdomo. Mimi hicho kidole kimenifunga mdomo tangu nina miaka tisa, baba yangu aliponiacha kwake akasema anarudi Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.

Mguu wake wa kushoto haukunjiki. Ni nyonga. Miaka yote halikuwa tatizo kwa sababu karakana ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka nyumbani, anajikokota pole pole, anafika. Halafu wakubwa wakaamka siku moja wakaona mafundi tunachafua mji. Wakereza chuma, wapiga rangi, wasuka mota, mpaka sisi wauza spea, wote tukaambiwa tuhamie ng'ambo ya barabara kuu, kilomita kumi na nne. Kila fundi akapewa chumba chake na karatasi ya masharti. Sharti lenyewe la kukuumiza lilikuwa hili: fundi mwenyewe asaini kitabu cha getini angalau siku ishirini kwa mwezi, la sivyo chumba kinapewa mwingine.

Basi la kwenda huko Shangazi alilijaribu mara moja. Konda alimsukuma kwa nyuma kama anapakia godoro. Alicheka mbele za watu, lakini alipokaa akageukia dirishani mpaka tukafika.

"Sirudii," akaniambia. "Mtu mzima wa miaka hamsini na nane sipakiwi kama friji."

Pikipiki hawezi, mguu hauendi. Teksi kila siku ingekula kazi yote. Kukabaki gari lililokuwa uani.

Lilikuwa la marehemu mume wake. Kubwa kidogo kuliko kabati, taa za duara kama mtu aliyeshtuka, rangi ya chai ya maziwa. Limenizidi umri mara mbili. Injini ilipasuka kichwa miaka mitatu nyuma, tangu hapo kuku ndio walikuwa wanalala kiti cha nyuma. Spea zake hakuna. Mimi ndiyo kazi yangu kutafuta spea, na nikisema kitu hakipo, ujue nimeshagombana na watu watano.

Shangazi akalizunguka na fimbo yake, akafungua boneti, akaguna.

"Sasa injini ya nini? Kinachotakiwa si kitu cha kuzungusha tu?"

"Shangazi, hilo ni gari, siyo feni."

"Tofauti ni nini?"

Kesho yake nikaanza kutafuta mota.

Mota tulipata kwenye kiwanda cha sabuni kilichofungwa, ndani ya foklifti iliyokufa, yale magari ya kunyanyulia mizigo. Ilikuwa imeungua nyeusi tii. Akaisuka upya wiki mbili, kidole juu, mimi kimya. Mkereza chuma akatutengenezea bamba la kuishikisha na gia za zamani. Betri zilitoka kwenye mnara wa simu uliobomolewa, kumi na sita, tukapanga nane mbele na nane nyuma walipokuwa wanalala kuku. Kuku walilalamika wiki nzima.

Ile injini ya zamani ikawa imelala mlangoni, inavuja oili.

"Nitolee hilo chuma hapa, nitavunjika na mguu uliobaki," Shangazi akasema.

Siku hiyohiyo nikampigia Sumaku, mnunuzi wa vyuma chakavu, jamaa anayetembea na sumaku mfukoni kama wengine wanavyotembea na rozari. Akaja na mkokoteni akaichukua. Nilijiona mjanja. Ubavuni mwa ile injini kulikuwa na namba zimegongwa, na namba hizo ndizo zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Si mimi wala Shangazi aliyekumbuka. Mimi, mtu wa spea! Mpaka leo nikifikiria natamani kujipiga kofi.

Siku lilipotembea mara ya kwanza, mtaa mzima ulitoka. Halikutoa sauti, lilivuma kidogo tu kama mtu anayewaza. Jirani akapiga kelele, "Jamani, gari limekufa lakini linatembea!" Shangazi akatoa kichwa dirishani: "Na wewe uko hai lakini umelala!" Sijawahi kumwona hivyo. Alienda mpaka mwisho wa mtaa, akageuza, akarudi, akaenda tena. Mara ya nne, nimekaa pembeni yake, nikamwambia betri zitaisha, akaniambia nishuke kama naogopa.

Karakana ya zamani ikabomolewa Jumatatu. Mwezi wa kitabu cha getini ukaanza kuhesabiwa hapo. Alhamisi tukalivuta gari mpaka ukaguzi, kwa sababu stika yake ya ukaguzi iliisha zamani na kwenye mzunguko wa barabara kuu polisi hawakosi. Bila stika wanalibeba.

Breki zikapita. Taa zikapita. Usukani, mikanda, honi, vyote vikapita. Halafu akaja kijana mwenye bomba la kupimia moshi, akainama nyuma ya gari, akainuka, akaenda mbele, akarudi.

"Mama, moshi unatokea wapi?"

"Hautoki."

"Hautoki wapi?"

"Popote."

Akaenda kumwita mkaguzi. Nilijiandaa kwa mtu wa kutaka kitu kidogo, yule wa kukwambia "tunaongeaje". Hao nawajua, dawa yao ninayo. Akaja baba mmoja mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, akapiga magoti kwenye saruji na suruali yake safi, akachungulia chini ya boneti kama dakika kumi.

"Nani amesuka hii?"

"Mimi," Shangazi akasema.

"Mama, hii kazi ni safi." Na alimaanisha. Kisha akasimama akijikung'uta magoti. "Tatizo ni namba ya injini. Lazima niione kwa macho, niandike. Nisipoiona, gari linahesabika kama limebadilishwa ili kuficha wizi."

"Nani aibe gari la hivi?" nikamwambia. "We umelitazama vizuri?"

"Kaa," Shangazi akaniambia.

"Shangazi, huyu anatuchezea..."

"Nimesema kaa."

Mkaguzi wala hakukasirika. Akasema tukiileta ile injini yenyewe, hata mbovu, hata kwenye gunia, atasoma namba na ataona la kufanya.

Kwa Sumaku tulifika jioni hiyohiyo. Injini nzima hakuwa nayo.

"Ninayo," akasema, "ila siyo kipande kimoja." Akatuonyesha lundo. Vyuma vikubwa huwa anavivunja kwa nyundo kabla ya lori kuja, ndiyo vipakike vizuri. "Mngesema mapema mnaipenda."

"Nitakuvunja wewe," nikamwambia.

"Nivunje, lakini lori linakuja Jumanne."

Siku nne tulichambua lile lundo. Mimi navuta vipande, Shangazi amekaa juu ya tairi, mguu umenyooka mbele, anapokea kimoja kimoja, anafuta oili kwa kanga kuukuu na kupapasa ubavu kwa kidole gumba. Siyo. Siyo. Siyo hiki. Usiku hakulala kwa nyonga, nilimsikia. Asubuhi anawahi kuliko mimi. Jumatatu, saa nane mchana, akakishika kipande kimoja kwa mikono miwili kama sahani ya chakula. Namba zote zilikuwepo, hata moja haijakatika. Sumaku mwenyewe akapiga makofi.

Nikasema sasa basi tumepita.

Mkaguzi alifurahi kutuona, nakuapia. Akasoma kipande, akasoma kadi, akatabasamu. "Ni yenyewe." Akageuza kompyuta yake ili Shangazi naye aone. Akaandika namba, ikakubali. Akafika mahali pa kuandika ukubwa wa injini.

"Hii haina ukubwa," akasema mwenyewe, akaandika sifuri.

Kompyuta ikakataa.

Akaandika moja. Ikakubali, ikauliza mafuta gani: petroli, dizeli, gesi. Hakuna jibu la nne. Akasita, akabonyeza petroli. Ikauliza kipimo cha moshi. Akaandika sifuri. Ikakataa, ikarudi mwanzo, ikafuta kila kitu, hata ile namba tuliyoichimba siku nne.

Akarudia. Akarudia tena. Watu nyuma yetu wakaanza kupiga honi.

"Andika tu moshi wowote," nikamwambia. "Andika mbili. Andika hamsini. Nani atajua?"

"Kipimo hakiandikwi kwa mkono, kinatoka kwenye bomba. Nikiingiza kwa mkono inaniuliza cha bomba kiko wapi." Akapiga simu makao makuu mbele yetu, akaweka sauti juu. Mwanamke akasikiliza yote, akasema kwa upole kabisa, "Mfumo ndivyo ulivyo, kaka. Wamesema kuna fomu mpya inakuja." Lini? "Hawajasema."

Nikapiga meza. Kipande cha injini kikaruka kikaanguka chini, walinzi wawili wakainuka. Nilitaka mtu. Nilitaka mmoja tu, anitukane, aombe rushwa, acheke, chochote, nimshike shingoni. Mkaguzi akainama akaokota kile kipande, akakiweka mbele ya Shangazi taratibu.

"Samahani mama," akasema.

"Siyo wewe, baba," Shangazi akajibu. Ndiyo kitu kilichoniuma kuliko vyote. Kweli hakuwa yeye.

Nje ya geti kuna wale vijana wa stika za haraka. Ninawajua kwa majina ya utani, tumekua pamoja. Nikamwambia Shangazi anipe nusu saa tu.

"Na nikisimamishwa nikaulizwa," akasema, "nikimbie kwa mguu upi?"

"Hawatakusimamisha."

"Gari lisilo na sauti, linaendeshwa na bibi, rangi ya chai. Watamsimamisha nani, basi?"

Tukalivuta kurudi nyumbani.

Nilijaribu kwenda kumfungulia chumba mimi. Mlinzi wa getini akanigeuzia kitabu, akanionyesha jina. "Wewe ndiye msuka mota?" Nikasema ndiyo. "Basi suka hii," akanitupia feni yake ya mezani. Nilikaa nayo saa nzima, nikaharibu hata palipokuwa pazima. Hakunifukuza, alicheka tu, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko kufukuzwa. Siku sita Shangazi alienda kwa teksi, akasaini. Ya saba nyonga ilikataa kutoka kitandani. Mwezi ulipoisha, chumba wakampa mtu wa kuuza vioo. Meza yake ya kazi na mashine ya kuzungushia waya nikavifuata na mkokoteni wa Sumaku. Hakunidai kitu, na hiyo nayo iliniudhi.

Wenye pampu na mashine za kusaga hawaleti mzigo nyumbani, wanapeleka huko ng'ambo kwa wasukaji wengine. Siku hizi Shangazi anakaa barazani, anasuka vinavyoletwa kwa mkono: feni, blenda, mota za cherehani. Vitu vya kupakata. Zamani alikuwa anasuka mota inayobebwa na wanaume wanne.

Jumapili iliyopita geti likagongwa. Nikafungua, nikamkuta mkaguzi, miwani na uzi wake, feni kwapani. Damu ikanipanda mpaka masikioni, halafu ikashuka yenyewe. Ningemwambia nini? Nikampa kiti.

"Nimeulizia mtaani," akasema. "Hii feni ukiisukuma inazunguka, ukiiacha inasimama."

"Hiyo siyo mota, ni kapasita, kile kidude cha kuipa nguvu ya kuanza," Shangazi akasema kabla hajaigusa. Baada ya dakika kumi feni ilikuwa imepona.

Mkaguzi akakaa bila kuondoka, anaangalia turubai lililofunika gari.

"Nimeandika barua mbili," akasema. "Wamejibu wanashughulikia."

"Ahsante, baba."

"Naweza kuliona?"

Shangazi akanitazama. Nikatoa turubai. Huwa nalichaji kila wiki, usiniulize kwa nini. Mkaguzi akaingia, akarekebisha kiti, akafunga mkanda ndani ya ua wetu wenye urefu wa hatua kumi. Akaenda mbele mpaka ukutani. Akakanyaga breki, akasikiliza. Akarudi nyuma. Akaenda tena mbele, akakata kushoto, kulia, akarudi, matairi yakaingia palepale kwenye mashimo yake.

Akashuka akafunga mlango taratibu.

"Mama, liko vizuri kabisa."

"Najua," Shangazi akasema.

Akachukua feni yake. Nikamfungulia geti.