Mushahara Yenye Macho

Kama munataka kujua namna gani nilipata bibi yangu, munivumilie kwanza, niseme juu ya bei ya masoni. Masomo yangu iliisha mbio, na sijui kusema neno moja bila kupita ku ingine.

Wakati ile, kazi ya kujenga ukuta haikukuwa na bei moja mu Katanga nzima. Hapa Lubumbashi tulikuwa bamasoni bengi sana. Ukianza kazi banakupatia makuta kidogo, na ukinunguna, shefu anakuonyesha mulango: wenzako banangojea pale inje, bamevaa kabisa. Kule Kambove, ku migodi, makuta ilikuwa kidogo zaidi, lakini kulikuwa nyumba na posho ya unga, na bantu ya kule balikuwa banene, bibi zao banene, hata mbwa zao. Ila kule baliingiza kwanza batoto ya wenye kutumika pale. Baba yangu alikuwa mulimaji. Mulango ikafungwa.

Bon. Kulikuwa binti moja ya Katuba, mutaa moja ya hapa Lubumbashi. Sitasema uzuri yake, atasoma hii na atajisifu. Baba yake alikuwa muzee ya reli, Mukatoliki ya kaskazini, mwenye kupiga viatu rangi hata siku ya mvua. Nilienda kumuona.

«Wee kijana, kazi yako, banaanza na ngapi?»

«Papa, inategemea pahali.»

«Inategemea namna gani? Nyundo inabadilika mu njia?»

Akacheka peke yake. Kwetu, mushahara ya kwanza kijana hakuli peke yake; anaileta mbele ya wakubwa. Njo muzee akasema:

«Utaileta hapa, nzima, vile utapokea. Kama inapita ile kijana ya reli anaanzaka nayo, mutoto ni wako. Kama haipite, kuko kijana moja ya biro. Abakosti yake, ile koti ya bakubwa, iko na pasi mpaka ku mifuko, na yeye haniletee maneno ya pahali.»

Mama ya binti sikumuona. Kwetu mukwe na mama-mukwe habakutane uso kwa uso. Akisikia sauti yako anaingia mu kikuku, kule banapikia, anasema nyuma ya pazia. Na hawezi kupokea kitu ku mukono yako. Siku anapokea, bukwe imefungwa, binti ni wako, hakuna tena maneno. Ile mambo muiweke mu kichwa.

Nilitoka pale na roho nzito. Lakini shofere moja ya kamyo akaniambia: enda Kilwa, ile ya hapa kwetu Katanga, pembeni ya ziwa. Njia ni mubaya, hakuna muntu anataka kwenda, njo maana masoni anaanza kule na mushahara sawa fundi ya zamani. Nikafunga mwiko yangu na bilauri ya chumvi, nikapanda.

Kule hawakuniuliza masomo wala baba. Kapita, musimamizi ya kazi, akanionyesha matofali: «Simamisha pembe.» Nikasimamisha. Akaegemeza fimbo, akazunguka, akapiga mate chini.

«Utaanza kesho. Nusu makuta, nusu samaki.»

«Samaki?»

«Makuta inakuya na kamyo, na kamyo inakuya ikitaka. Samaki iko hapa kila asubui.»

Ah, Kilwa! Tulijenga depo pembeni ya ziwa, na ukigeuka kuchukua tofali upepo inakupangusa jasho bure. Usiku nililala sawa mutoto. Nilikula mpaka mukaba yangu ikaomba tundu ingine. Mwisho ya mwezi nikapokea makuta mu bahasha, na kitunga kubwa ya samaki ya kukausha, karibu kunipita urefu.

Mu kamyo ya kurudia nilikaa na mama moja mucuruzi ya soko. Akanusa kitunga.

«Kijana, niuzishie.»

«Hapana, mama. Ni mushahara yangu.»

«Mushahara yako iko na macho?»

Kamyo nzima ikacheka. Tulikwama mu matope, akaniomba tena. Tukavuka muto, akaniomba tena, bei inapanda tu. Wenzangu banasema: uzisha, pumbafu, makuta haina harufu! Lakini muzee alisema nzima, vile nitapokea. Nilikalia kile kitunga sawa kuku.

Nikafika Katuba jua kali, kitunga ku kichwa, samaki imenifunika uso. Sioni mbele. Nikaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba ya muzee, nikasikia mikono inanisaidia kushusha, na sauti: «Polepole, baba, polepole, utavunjika shingo!» Nikazani ni jirani. Kitunga ikashuka, nikainua macho.

Alikuwa mama-mukwe.

Yeye naye alizani ni mucuruzi. Akalia «Yoo! Mukwe!», akaachia kitunga, akakimbia na kiatu moja. Samaki ikamwangika lupango muzima. Majirani bakaruka kila upande: ni nini? ni nini?

Muzee akatoka, akaangalia chini.

«Nilikuomba mushahara, unaniletea soko?»

«Ni mushahara, papa. Nusu iko hapa mu bahasha.»

Akaangalia bahasha, akatikisa kichwa. «Ya reli inapita hii.»

Niliona abakosti ya ule mwingine inaingia mu ile nyumba. Lakini pazia ya kikuku ikatikisika.

«Bamwambie ule muzee ya reli,» sauti ikasema, «mimi nimekwisha kupokea. Na mikono mbili. Majirani bameona.»

«Tumeona!» bakaitika majirani, na kila mumoja tayari ana samaki mu mukono.

Muzee akasema: mimi sikupokea kitu. Pazia ikajibu: basi leo utakula bukari ya unga na chumvi tu. Akakaa. Harufu ya samaki ikaanza kutoka mu kikuku, na nyanya, na pilipili. Akavua kofia, akairudisha. Mwisho akasogeza kiti karibu ya sahani.

Alimaliza kichwa ya samaki, akanyonya mufupa, akapangusa vidole polepole, tena akaniinamia ku sikio, binti yake asisikie:

«Kule Kilwa, mukwe yangu, habatafute pia bantu ya reli?»

«Papa, reli haifike kule.»

«Ah,» akasema. «Ni hasara.» Akachukua ingine.