Hakuna Aliyegeuza Kadi

Siku moja kabla ya vita, Bi. Halyna, mwenye nyumba wangu kule Kharkiv, Ukraine, alinikaripia kwa kumshika mwigizaji usoni.

"Shika pembeni, mwanafunzi! Unafikiri ni chapati?"

Alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa kadi za posta za waigizaji wa Kirusi wa zaidi ya miaka mia iliyopita: wanaume waliopakwa wanja, wanawake wenye kofia pana kama sinia. Nilisomea udaktari na sikuamini kitu bila kuuliza, kwa hiyo nikauliza faida ya kutunza sura za watu asiowajua.

Akaigeuza kadi. Nyuma, kwa wino uliofifia, nyanya yake aliyeshona mavazi ya jukwaani alimwandikia bintiye nyumbani: Koti limekutosha? Kikohozi kimeisha?

"Wa mbele si wangu," akasema. "Wangu ni huyu."

Kesho yake makombora ya Urusi yakaanza. Tukahamia chumba cha chini ya jengo, majirani wote, na mkebe wake.

Siku ya sita jirani mmoja, aliyempoteza mwanawe asubuhi hiyo, aliufungua mkebe akidhani kuna biskuti. Akasoma majina ya Kirusi chini ya picha.

"Umetuletea hawa humu?"

"Walikufa zamani," nikasema. "Geuza, tafadhali. Angalia nyuma."

"Nyamaza, mgeni."

Akazimwaga kadi zote kwenye ndoo ya moto tuliokuwa tukiota.

Hakugeuza hata moja.

Siku ya tisa nilimwinua Bi. Halyna mkono tuondoke. Akaurudisha magotini. Niliondoka bila yeye; baadaye nilisikia kwamba jengo liliporomoka.

Sikumaliza masomo. Sasa nalinda ghala Dubai Investments Park. Wiki jana madam anayepamba mgahawa alileta ghalani kadi za aina ile ile, akatuambia mimi na Mutua, mlinzi mwenzangu, tuzibandike kwenye ubao wa mapambo, sura zikiwa mbele.

"Madam, nyuma kuna barua za watu."

"Nani ataona nyuma? Yalla, haraka, tumechelewa."

"Daktari wa kadi!" Mutua akacheka. "Khalas, yaishe, paka gundi, tuende tukale."

Nikasoma nyuma ya moja: Nitumie soksi, huku ni baridi.

Yule jirani nimemchukia miaka yote hii, lakini yeye alikuwa amefiwa. Huyu madam alikuwa na haraka tu.

Na mimi, ninayejidai kuuliza kila kitu, sikuuliza tena. Nilizishika pembeni, moja moja, nikapaka gundi.